Kuizunguka Milima ya Chisos kwa Miguu

Aliyepanda Kilimanjaro au Meru amezoea kwamba taabu iko juu. Kadiri unavyopanda ndivyo pumzi inavyokatika na kichwa kinavyogonga. Ukianza kushuka, mwili unashukuru. Milima ya Chisos, kusini-magharibi mwa Texas, imeyapindua hayo. Juu ndiko kwenye miti, kivuli na ubaridi, na juu ndiko unakoanzia. Kisha njia inakuteremsha jangwani, inakutembeza siku nzima chini ya jua la utosi, na siku ya mwisho, magoti yakiwa yamechoka, inakutaka uupande mlima upya kwa upande mwingine. Anayekwenda huko na mazoea ya Kilimanjaro hujiponza siku ya kwanza, pale anapoteremka kwa furaha akidhani kazi imekwisha.

Njia yenyewe inaitwa Outer Mountain Loop. Ni mzunguko wa kilomita 48 hivi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Big Bend, iliyoanzishwa mwaka 1944 kwenye mpaka wa Marekani na Mexico, pale mto Rio Grande unapopiga kona kubwa. Hifadhi ina zaidi ya kilomita za mraba 3,200, na sehemu kubwa ni jangwa la Chihuahua. Milima ya Chisos imesimama katikati yake, yote mizima ndani ya mipaka. Kilele chake kirefu, Emory Peak, kina mita 2,385 hivi, na mto kule chini uko kwenye mita 550. Tofauti hiyo ya kimo ndiyo inayofanya siku moja iwe na baridi asubuhi na tanuri mchana.

Naandika nikiwafikiria hasa ndugu zetu walioko Houston, Dallas na miji mingine ya Texas, pamoja na wageni wanaowajia kutoka nyumbani na kutaka kuona kitu kingine zaidi ya maduka. Kwa gari ni mwendo wa saa 9 au 10 kutoka miji hiyo miwili. Mtu mwenye afya na mazoezi atahitaji siku 3 na usiku 2 njiani. Wapo wanaoukimbia mzunguko wote kwa siku moja. Hao wana miongozo yao.

Jambo la kwanza la kukubali ni kwamba huna wa kukubebea. Kilimanjaro una kiongozi aliyesajiliwa, mpishi, na wapagazi wanaokutangulia kambini. Ukifika unakuta hema limesimama na chai inachemka. Chisos kila unachokula, unachonywa na unacholalia kiko mgongoni mwako. Hakuna kibanda cha kulala njiani. Simu kwa sehemu kubwa haishiki.

Msimu

Nenda kati ya Novemba na mwanzoni mwa Machi. Mwezi Machi wenyewe hali ya hewa ni nzuri, lakini ndio wakati wa likizo za vyuo na vibali hugombaniwa. Desemba na Januari mchana una saa 10 tu za mwanga, jambo linalomshtua mtu aliyekulia karibu na Ikweta ambako jua halibadilishi ratiba, kwa hiyo panga mwendo wa kila siku kwa kuzihesabu saa hizo. Usiku wa majira hayo maji huganda kwenye chupa, na upepo wa kaskazini unaweza kuigeuza siku ya joto kuwa ya kipupwe kwa muda wa saa chache. Begi la kulalia liwe la baridi kweli, na koti la mvua lisiachwe garini eti kwa sababu unakwenda jangwani.

Mei na Juni usiende. Joto la huko chini jangwani hupita nyuzi 38 za Selsiasi bila shida, na vipimo vya Marekani vitakuandikia hiyo kama 100 za Farenhaiti. Tarehe 23 Juni 2023, kwenye njia nyingine ya hifadhi hiyohiyo iitwayo Marufo Vega, joto lilifika nyuzi 48. Mvulana wa miaka 14 alizidiwa na kuzimia. Baba yake wa kambo, mwenye miaka 31, alikimbilia gari akatafute msaada. Gari likaacha barabara likatumbukia bondeni. Wote wawili walifariki siku hiyo. Njia ile ni fupi kuliko nusu ya hii ninayokueleza.

Kuanzia katikati ya Juni hadi Oktoba huja mvua za radi, nyingi alasiri. Zinapunguza joto kidogo, lakini makorongo makavu unayoyavuka hujaa maji kwa dakika chache, hata kama mvua imenyesha mbali na ulipo. Aliyewahi kusubiri laga lipungue huko Turkana au Marsabit anajua nazungumzia nini.

Hesabu ya maji

Hapa ndipo safari yote inapoamuliwa, na inaamuliwa ukiwa bado na gari. Hifadhi inashauri galoni moja kwa mtu kwa siku, yaani lita 4 kasoro kidogo. Hicho ni kiasi cha kukutosha unywe na upike siku ya kawaida ya baridi. Ukiwa mtu wa jasho jingi, au kama utabiri unasema kutakuwa na joto, ongeza lita moja au mbili kwa siku ile ya katikati.

Lita moja ni kilo moja, na uzito huo hauna ujanja. Maji ya siku 3 kwa mtu mmoja ni kilo 12 kabla hujaweka hema, chakula na nguo. Ndiyo maana wazoefu huficha akiba njiani. Upande wa magharibi wa mzunguko kuna nyumba ya zamani ya mfugaji, Homer Wilson Ranch, karibu na barabara ya lami ya Ross Maxwell. Hifadhi imeweka pale masanduku ya chuma ambayo dubu hawezi kuyafungua. Siku moja kabla ya kuanza, endesha gari hadi hapo, ni chini ya saa moja kutoka Chisos Basin utakakoanzia, uweke dumu lako la maji ndani ya sanduku. Andika juu yake jina lako na tarehe utakayolichukua. Tumia dumu la plastiki nene. Yale membamba ya maziwa hupasuka, na hakuna simanzi kama ya kukuta sanduku limelowa. Dumu lisilo lako usiliguse, hata kama tarehe yake imepita, maana huenda mwenyewe amechelewa na yuko njiani analitamani.

Kuna maji ya asili pia, lakini yachukulie kama bahati. Chemchemi ya Boot Spring, kule juu milimani, hutoa maji misimu mingi, na mkondo wa Fresno unaoukata ukiwa jangwani huwa na maji baada ya miaka ya mvua nzuri. Vyote viwili hukauka. Kwenye ofisi ya hifadhi waulize askari ni lini mtu wa mwisho aliyaona maji hayo kwa macho yake. Jibu la "kwa kawaida yapo" usilijazie chupa. Ukiyakuta, chuja au chemsha, na usiyamalize, kwa kuwa wanyama wa eneo lote lile wanayategemea.

Halafu kuna chumvi. Mtu anayekunywa maji matupu siku nzima huku akitoka jasho anaweza kuugua hata kama chupa haijaisha: kichwa kinauma, anatapika, anachanganyikiwa. Beba pakiti za ORS, zilezile wanazopewa watoto zahanati wakiharisha, na unywe moja au mbili kwa siku. Karanga zenye chumvi na korosho zinasaidia. Tende ndizo chakula cha safari cha watu wa jangwa tangu zamani na sioni sababu ya kuziacha nyumbani. Chapati zilizopikwa kavu hukaa siku 2 bila kuharibika, zinajikunja, na haziombi maji ya kupikia.

Uzunguke upande gani?

Kutoka Chisos Basin, kituo cha kuanzia kilichopo mita 1,640 hivi juu ya usawa wa bahari, unaweza kwenda pande mbili. Ukifuata saa, unapanda kwa njia ya Pinnacles, unapita bonde la Boot Canyon, unateremka korongo la Juniper upande wa mashariki, unavuka jangwa kwa njia ya Dodson kuelekea magharibi hadi Homer Wilson, kisha unapanda Blue Creek na kurudi kwa njia ya Laguna Meadow. Ukizunguka kinyume cha saa, unaanza na Laguna na kumalizia Pinnacles.

Wanaopenda kinyume cha saa wana hoja nzuri: unaikuta akiba yako ya maji mwisho wa siku ya kwanza, kwa hiyo unaanza mlima na mzigo mwepesi na unaingia jangwani umejaza kila chupa. Ukifuata saa, lita 8 au 9 unazipandisha mlimani tangu asubuhi ya kwanza, na zinapaswa kukufikisha kilomita 35 baadaye kwenye sanduku.

Hata hivyo mimi nashauri ufuate saa, na sababu ni moja tu. Baada ya jangwa, unatokea wapi? Kwa upande huu unatokea kwenye maji yako na karibu na barabara ya lami yenye magari ya watalii. Ukiwa umechoka, umeumia kifundo, au mwenzako anatapika, safari inaishia hapo: mnapanda kijinjia kifupi hadi barabarani na kuomba lifti. Kwa upande wa pili, jangwa linakutoa chini ya korongo la Juniper, ambako barabara ya karibu ni ya vumbi na mawe, haipitiki bila gari la juu, na huenda kutwa isipite gari hata moja. Mbele yako kuna mpando wa mita zaidi ya 700 na chupa zilizobaki ndizo hizo.

Kibali, na kabla ya kibali

Kulala porini kunahitaji kibali. Kambi za juu milimani zina namba na hukatwa mapema mtandaoni. Jangwani unapewa ukanda, na mahali pa hema unachagua mwenyewe ndani yake, mbali na njia, barabara na vyanzo vya maji. Utaratibu wa kukipata hubadilika, kwa hiyo anzia kwenye tovuti ya hifadhi, kisha pita ofisini Panther Junction hata kama umeshalipa, kwa sababu huko ndiko kwenye habari mpya za maji na njia.

Jambo jingine la kuangalia mapema: hifadhi ilishatangaza mpango wa kuifunga Chisos Basin kwa muda mrefu ili ijenge upya hoteli na mabomba ya maji. Basin ikiwa imefungwa, mzunguko huu huwezi kuuanza kama ninavyoueleza hapa. Lijue hilo kabla ya kuomba likizo kazini.

Moto wa kuni ni marufuku hifadhi nzima. Pika kwa jiko dogo la gesi. Mbwa haruhusiwi kwenye njia. Choo: kambi za juu zina vyoo, jangwani unachimba kishimo cha kina cha shibiri moja, unakifukia, na karatasi unaondoka nayo kwenye mfuko. Watu wengi hawaipendi kanuni hii ya mwisho. Ardhi ya jangwani haiozeshi kitu upesi, na karatasi ya mwaka juzi bado inapepea kwenye miiba.

Siku ya kwanza: Basin hadi chini ya Juniper

Anza kukipambazuka. Mpando wa Pinnacles ni wa zaidi ya mita 500 na njia imetengenezwa vizuri, inakwenda kwa kona baada ya kona katikati ya mialoni na misonobari. Tembea polepole, ule kila baada ya saa moja, uzoee uzito. Juu utakuta njia panda ya kwenda Emory Peak, kilomita 2.4 kwenda na vilevile kurudi, na kwenye ncha yake unapanda mwamba kwa mikono. Kilele kinavutia, lakini kinakula saa 2 au zaidi na maji ambayo hukuyapigia hesabu. Kiache kwa safari nyingine, ya siku moja, ukiwa na begi dogo.

Boot Canyon ndiyo sehemu ya kufaidi. Bonde limepewa jina kwa sababu ya mwamba ulio kama kiatu cha buti kilichopinduliwa, na ndani yake kuna miti mikubwa ambayo huwezi kuamini iko jangwani. Majira ya kuchipua huja hapa kutoka Mexico ndege mdogo wa kijivu aitwaye Colima warbler, na wapenzi wa ndege husafiri kutoka mbali kumwona, kwa kuwa nchini Marekani huzaliana karibu katika milima hii peke yake. Jaza chupa Boot Spring kama kuna maji.

Ukifika kwenye kichwa cha korongo la Juniper, kaa chini. Hapa ndipo mlango wa safari ulipo, ingawa hakuna kibao kinachosema hivyo. Ukigeuka sasa, Basin iko mteremko wa saa 3 na utalala kwenye kitanda. Ukiteremka, kila saa inayopita inakuongezea joto na kukuzidishia mpando wa kurudi. Kwa hiyo geuka kama ni zaidi ya saa 8 mchana, kama mmoja wenu ana malengelenge au tumbo linamsumbua, au kama mmekwishakunywa zaidi ya nusu ya maji ya siku. Afadhali mkubaliane masharti haya jioni iliyotangulia, kwa sababu pale juu, penye upepo mzuri, kila mtu husema yuko sawa.

Mteremko wa Juniper ni mkali, mawe yanaserereka na vichaka vimeikaba njia. Fimbo mbili za kutembelea zitayaokoa magoti. Na hapa ndipo unapokutana na lechuguilla. Ni ndugu wa mkonge, mdogo wake, majani yamesimama wima kama visu na kila moja lina mwiba mgumu nchani, kwa kimo kinacholenga muundi wa mguu wako. Watu wa Tanga hawatahitaji maelezo: mkonge wenyewe asili yake ni Mexico, na uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Tofauti ni kwamba shambani mkonge umepandwa kwa mistari, na huku umezagaa hadi katikati ya njia. Vaa suruali ndefu ya kitambaa kigumu, na vifuniko vya muundi ukivipata. Weka kibano kwenye mfuko wa karibu. Godoro la kujaza upepo litatoboka usiku wa kwanza. Mkeka wa sponji hauna raha kama hiyo lakini hautobolewi.

Lala chini karibu na makutano na njia ya Dodson, mahali palipoinuka. Kamwe usitandike hema ndani ya korongo kavu, hata kama mchanga wake ni laini na anga ni safi.

Siku ya pili: Dodson

Kilomita 18 na nusu. Kwenye ramani njia inaonekana kama inapita tambarare chini ya milima, na ramani hiyo imewadanganya wengi. Dodson haikai sawa. Unashuka kwenye korongo, unapanda mgongo wa kilima, unashuka tena, kutwa nzima, na kivuli ni cha kutafuta. Hakuna mpando mmoja wa kutisha. Inachosha kwa kujirudia.

Uwe umeshafunga hema nuru ya kwanza inapoingia. Kutembea gizani kwa tochi kunaokoa maji lakini hapa kunapoteza watu, kwa sababu njia ni hafifu. Inapovuka korongo la changarawe mara nyingi hutoweka, na ng'ambo yake unatakiwa utafute fungu la mawe lililopangwa na watu. Simama ukingoni, liangalie fungu hilo kwa macho, ndipo uvuke. Usilifuate korongo kuteremka kwa kudhani litakufikisha kwenye njia; litakupeleka jangwani kwenye maporomoko, na kwa miguu utalifuata kwa urahisi mno. Ramani ya karatasi na dira vibebwe hata kama una ramani kwenye simu. Vibao vya hifadhi vinahesabu kwa maili, na maili moja ni kilomita 1.6, kwa hiyo usifurahie upesi ukisoma namba ndogo.

Kati ya saa 6 na saa 9 mchana, siku yenye joto, pumzika. Kaa chini ya mwamba au ukuta wa korongo kama hakuna wingu la mvua. Pasipo na kivuli, tengeneza: kanga moja na fimbo mbili zinatosha. Kanga nasema kwa dhati, haina mpinzani kwa gramu zake. Ni kivuli, ni kitambaa cha kichwa, ni taulo, na mkono ukiteguka ni bendeji. Kofia iwe pama, inayofunika na shingo.

Kila mmoja amwangalie mwenzake. Mtu aliyenyamaza ghafla, anayejikwaa mahali pasipo na jiwe, anayesema anasikia baridi juani, au anayejibu swali jingine na aliloulizwa, joto limemwingia. Mlazeni kivulini, mfungueni nguo, mlowesheni shingo, kwapa na kinena, mpepeeni kwa nguvu. Akiwa na fahamu kamili anywe kidogo kidogo. Akichanganyikiwa msimmiminie maji mdomoni; endeleeni kumpoza na kuita msaada. Kumwaga maji ya kunywa juu ya mwili kunauma moyo, lakini wakati huo ndiyo matumizi yake bora.

Katika sehemu ya juu kabisa ya njia, geuka utazame kaskazini. Ukuta mrefu wa mawe unaouona ni South Rim, ukingo wa milima uliyoishuka jana, na kusini safu za Mexico zinafuatana mpaka zinafifia. Piga picha, kunywa, endelea.

Jioni unafika Homer Wilson. Nyumba ni ya mawe, ya mwaka 1930 hivi, na eneo zima lilikuwa la kondoo na mbuzi kabla ardhi haijawa hifadhi. Chukua dumu lako. Usilale nyumbani pale wala kando ya barabara; sogea ndani ya ukanda ulioandikwa kwenye kibali chako, tena nje ya mkondo wa Blue Creek.

Siku ya tatu: kupanda kurudi

Blue Creek huanza kwa kukutembeza kwenye changarawe inayomeza mguu, kati ya minara ya miamba myekundu. Kisha njia inageuka ukuta. Ni zaidi ya mita 700 za kupanda, na sehemu iliyo kali zaidi iko mwishoni, penye jua. Beba maji ya kutosha na yanayobaki yamwage. Nimeona watu wakibeba dumu zima la ziada mlimani kwa kuona uchungu kulimwaga. Ukianza mapema utakuwa juu kabla ya saa 6 mchana, ambako miti inaanza tena, na kutoka makutano ya Laguna Meadow ni mteremko mwanana hadi Basin. Dumu tupu urudi nalo, kwa kuwa hakuna wa kukuzolea taka.

Wanyama na msaada

Dubu weusi walikuwa wametoweka Chisos, kisha wakarudi wenyewe kutoka Mexico kuanzia miaka ya 1980. Kambi za juu zina masanduku ya chuma. Chakula, dawa ya meno na sabuni viingie humo. Jangwani hakuna sanduku, kwa hiyo beba chombo kigumu kisichofunguliwa na dubu, ukiweke mbali na hema. Puma nao wapo. Ukimkuta mmoja kati ya hawa wawili, usikimbie: simama, inua mikono, piga kelele, rudi nyuma taratibu, na mtoto umshike. Nyoka wenye njuga mkiani hujificha chini ya mawe, basi usiweke mkono usipopaona. Kwa kweli, kinachowaumiza watu wengi zaidi huko ni jua na mguu uliopinda.

Kodi au nunua kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti. Hospitali ya karibu iko mjini Alpine, zaidi ya kilomita 150 kutoka makao makuu ya hifadhi, na waokoaji huja kwa miguu, jambo linaloweza kuchukua saa nyingi. Mwachie mtu mjini karatasi yenye njia yako, namba ya gari, na saa ambayo, asipokusikia, apige 911. Ukitoka mpigie kwanza yeye, ndipo uweke picha mtandaoni.

Unapoondoka kuelekea kaskazini, kwa barabara ya Alpine au ya Marathon, utasimamishwa kwenye kizuizi cha askari wa mpaka wa Marekani. Watauliza uraia wako na huenda wakataka hati. Hata kama hukuvuka mpaka, pasipoti yenye viza au kadi ya ukaazi iwe mfukoni, isiwe chini ya mabegi yenye soksi za siku 3.